Vimelea Vinavyosoma Saa

Mtuhumiwa alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto pua.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka. "Uliniambia saa moja na nusu."

"Ni saa moja na dakika thelathini na nne, Mama."

"Kwa dakika nne mimi namaliza slaidi nzima."

Mpelelezi akavuta kiti, akakaa. Katika ofisi zote za afya alijulikana kwa jina la Kiroboto, kwa kuwa akishatua kwenye jambo lako unaweza kukung'uta nguo mchana kutwa na bado yumo. Zamani alikuwa askari. Siku hizi idara ya afya ilimtuma kila penye malalamiko mazito. Kuhusu damu alijua jambo moja tu, kwamba mtu akikatwa hutoka.

Mtuhumiwa aliyelalamikiwa alikuwa Bibi Lenzi, mpima damu wa hospitali ile kwa miaka thelathini na mmoja. Ilisemekana mbu wa mji ule wakimwona anakuja huvuka barabara. Ilisemekana pia kwamba aliwahi kutazama doa la damu kwenye shati la mpita njia akamwambia mwenye shati aende nyumbani akalale, na jioni ile jamaa akashikwa na homa. Habari ya shati ina walakini. Ya mbu naiamini.

Sasa kikao cha nidhamu kilipangwa saa nane mchana wa siku hiyohiyo ya Ijumaa. Likithibitika kosa lake, angenyang'anywa leseni, na kile kigoda chake mbele ya hadubini angekikalia mtu mwingine.

"Tuanze upya," Kiroboto alisema, akafungua daftari. "Jumatatu."

"Jumatatu saa mbili asubuhi nilimtoboa kidole mpasua mbao wa kinu cha kule ukingoni mwa msitu. Namba arobaini na moja. Nikaona vimelea vichache, sita kwa kila chembe nyeupe mia mbili. Kila kimoja kimejinyoosha katikati ya chembe nyekundu kama mkanda kiunoni. Nikaandika Kobe."

Katika maabara ile aina za malaria zilikuwa na majina ya nyumbani. Kobe ni ile ya polepole, homa yake hurudi kila baada ya siku tatu, na vimelea vyake havijai damuni hata ukivisubiri mwezi mzima. Duma ndiye muuaji. Vimelea vyake vichanga vina umbo la pete, na huijaza damu mbio.

"Daktari akasoma Kobe, akafanya nini?"

"Vidonge vilikuwa vimekwisha dirisha la dawa. Akamwambia arudi Alhamisi. Kobe husubiri."

"Na Jumatano?"

"Saa kumi na nusu jioni wenzake wakamleta wamembeba. Macho ya manjano, haongei. Chumba cha dharura wakamtoboa, slaidi ikaja hapa. Pete, mwanangu. Pete elfu sita kwa chembe nyeupe mia mbili. Nikaandika Duma."

"Wewe mwenyewe?"

"Mkono huuhuu."

Kiroboto akapiga mstari chini ya maneno mawili. Malalamiko yalikuwa ya Daktari Tai, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata siku bomba la maji lilipopasuka wodini. Hoja yake ilikuwa fupi: mtu mmoja hawezi kuwa na Kobe Jumatatu na Duma Jumatano, kwa hiyo damu ya Jumatatu haikuwa yake. Bibi alichanganya slaidi, mgonjwa akarudishwa nyumbani na majibu ya mtu mwingine.

"Jana nilimtafuta namba arobaini na saba," Kiroboto alisema. "Mwalimu wa hesabu. Jumatatu ileile mlimwambia ana Duma. Na moja yako, Mama, unaiandika kama saba."

"Naijua moja yangu."

"Tuseme ulibadilisha. Damu ya mpasua mbao ikasomwa kwa mwalimu, ya mwalimu ikasomwa kwa mpasua mbao."

Bibi Lenzi akaweka kitambaa chini. "Una plasta mfukoni?"

"Plasta ya nini?"

"Kabatini zimo slaidi zote arobaini na nane za Jumatatu, huwa nazitunza mwezi mzima. Bandika plasta juu ya namba, uzichanganye mwenyewe, mimi nigeukie ukuta. Kisha njoo nikufundishe kuangalia."

"Niangalie nini?"

"Damu ina sura kama mtu. Ungenipa muda jana badala ya kukimbilia kwa mwalimu, ningekuonyesha."

Kiroboto akabandika, akachanganya kama karata. Bibi akatia tone la mafuta juu ya slaidi ya Jumatano, ile ya dharura ambayo hakuna aliyeibishia, akamsogezea kigoda. Mpelelezi akainama, akaona kwanza kope zake mwenyewe.

"Fumbua macho yote mawili. Usikodoe, hutazami mpira."

Baadaye kidogo vikaja: visahani vyekundu maelfu kwa maelfu, vingine vina pete ndogo ya zambarau ndani. Na vingine, kimoja katika kila vitano, vilikuwa na doa jekundu katikati na duara jeupe pembeni yake.

"Kama shabaha," alisema. "Ile tuliyokuwa tunapigia risasi kambini."

"Ndiyo jina lake, shabaha. Kazaliwa nazo, karithi kwa mama yake au baba yake, hazimdhuru. Sasa nitafutie nyingine ya hivyo katika zile arobaini na nane."

Ilimchukua dakika hamsini na tano. Shingo ilikakamaa, mgongo ukalalamika, na kwenye slaidi ya kumi na mbili alishangilia unywele akidhani amepata. Bibi alikaa akitazama ukuta, mikono mapajani. Slaidi ya thelathini na tatu akaisogeza huku na huku chini ya lenzi. Akairudia. Akamalizia zote kumi na tano zilizobaki, maana hakuwa mtu wa kuishia njiani.

"Ni moja tu," alisema.

"Bandua plasta."

Akabandua. Namba arobaini na moja, na ile moja kweli ilifanana na saba, lakini saba halisi ya mwalimu ilikuwa pembeni, damu yake haina shabaha hata moja ya dawa.

"Hukubadilisha kitu, Mama. Shitaka limekufa hapa."

Bibi Lenzi hakutabasamu. Akachukua slaidi ya arobaini na moja, akaiweka chini ya lenzi, akaitazama kitambo.

"Halijafa. Limebadilisha nguo. Daktari atasema: basi Duma alikuwemo tangu Jumatatu pamoja na Kobe, na bibi hakumwona. Hilo ni baya zaidi. Kuchanganya slaidi ni mkono, kutoona ni jicho."

"Ulimkosa?"

"Kaa utazame. Unaona pete?"

Alitazama. "Sioni. Mikanda tu."

"Na ile ya Jumatano, uliona mkanda?"

"Pete tu."

Kiroboto akainua kichwa. "Kama walikuwa wawili, Jumatano Kobe alikwenda wapi? Hakuwa amepewa dawa yoyote."

"Swali hilo limeninyima usingizi, mwanangu," alisema Bibi Lenzi. "Nenda wodini ukamuulize mwenye damu."

Mwenye damu hakuweza kuulizwa sana. Dripu ilikuwa mkononi, macho bado ya manjano, lakini alikuwa ameanza kugombana na muuguzi kuhusu uji, jambo lililotiwa kwenye faili kama dalili njema. Dada yake mkubwa alikaa pembeni ya kitanda, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa fujo. Miguuni pa kitanda walisimama wanaume watatu wenye vumbi la mbao hadi kwenye masikio. Wenzake wa kibanda kimoja kule kinuni.

"Homa ilianza lini, dada?"

"Ijumaa iliyopita. Nilikwenda kumtazama nikambeba nikamleta kwangu, na juzi alipozidiwa nikawaita hawa wambebe."

"Ilikuwa inakuja siku zipi?"

"Siku zipi vipi, kaka? Kila siku. Saa saba mchana. Mimi redio yangu ilikufa, basi nikawa napika kwa homa yake. Akianza kutetemeka najua ni saa saba, natia wali."

"Kila siku? Hairuki siku mbili, tatu?"

"Nimekwambia kila siku. Au unadhani siku tatu zote hizo tulikuwa hatuli?"

Mmoja wa wale watatu, mrefu, akacheka, kisha akakohoa. Dada akamgeukia mara moja.

"Na wewe usicheke! Huyu naye, kaka, ana homa hiyohiyo tangu juzi, saa hiyohiyo, anajidai mwanaume. Anameza panado anarudi kwenye msumeno. Mtazame midomo."

"Ni uchovu tu, dada."

"Uchovu una saa?"

Kiroboto akawatazama wote wanne, aliyelala na waliosimama. "Mnalala pamoja?"

"Kibanda kimoja, vitanda vinne," alisema aliyekuwa mfupi. "Mlango unaangalia msitu. Jioni tunakaa nje, mbu wanatula, na kima wako juu ya bati wanatutazama kama wenye nyumba wanaongoja kodi."

"Na nyinyi wawili?"

"Sisi wazima. Hata mafua hatuna."

Kiroboto aliandika haya yote. Kisha akamshika yule mrefu kiwiko, kwa adabu ya askari ambayo haina kukataa. "Wewe utakuja na mimi. Na nyinyi wazima pia."

Kabla ya kuwaingiza maabara aliwakalisha kwenye benchi, akaenda kwenye kaunta ya kumbukumbu. Pale kulikuwa na rejista mbili ambazo kwa miaka yote hazijawahi kukutana. Moja ya wagonjwa wa nje, ambao kwa desturi ya hospitali ile hutobolewa vidole asubuhi tu, dirisha likifungwa saa tatu. Nyingine ya dharura, ambayo hupokea wanaozidiwa baadaye. Akaziweka ubavu kwa ubavu, akafuata kwa kidole kila mtu aliyeandikwa "kinu cha mbao" kwa miezi kumi.

Alipomaliza alifunga moja, akaifungua tena, akahesabu upya. Kisha akazibeba zote mbili kwapani na kuingia nazo maabara, karani akimpigia kelele nyuma.

"Mama. Watu wa kinu, asubuhi: Kobe kumi na mmoja. Duma?"

"Wangapi?"

"Hata mmoja. Watu wa kinu, mchana na jioni: Duma saba, Kobe hata mmoja. Na hapa, tazama, mpiga randa. Asubuhi ya Jumanne Kobe, jioni ya Jumatano Duma. Huyu hapa fundi mashine, hivyohivyo. Nimekagua watu wa mjini pia, kwao Duma yuko saa zote. Ni wa kinu tu." Akaziweka rejista mezani. "Vimelea gani hivyo vinavyosoma saa?"

Bibi Lenzi alikuwa amesimama. Akakaa.

Alizivuta rejista zote mbili, akafuata mistari kwa kidole. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo kikavu, akijipiga goti.

"Kurasa mbili," alisema. "Kurasa mbili, mwanangu! Chuoni. Malaria ya kima. Mwalimu wetu alisimama akasema, hizi rukeni, mtihani hauziulizi. Tukaruka. Darasa zima tuliruka kama vyura."

"Zilisema nini?"

"Ukivikuta vichanga, ni pete, utaapa ni Duma. Ukivikuta vikubwa, ni mkanda, utaapa ni Kobe. Navyo si hiki wala si kile. Kobe huchukua siku tatu kukua, kuzaa na kupasua chembe. Hivi huchukua siku moja. Vinatembea pamoja kama kwata, vyote vichanga pamoja, vyote vikubwa pamoja. Asubuhi saa mbili nikimtoboa mtu, ni vikubwa. Saa saba vinapasua chembe zote kwa mpigo, ndiyo homa ile. Jioni vitoto vimeshaingia katika chembe mpya, pete tupu. Na sisi hapa tunawatoboa watu saa ileile, miaka yote!"

"Na wingi? Kutoka sita hadi elfu sita?"

"Kila siku kimoja kinazaa kama kumi. Saa saba ya Jumatatu, ya Jumanne na ya Jumatano, ni mizao mitatu. Piga hesabu, wewe si ulimtembelea mwalimu."

Kiroboto akapiga. Sita, sitini, mia sita, elfu sita. Akaifuta miwani yake ambayo haikuwa na uchafu.

"Nieleze jambo moja. Kimelea cha kima kinaingiaje katika damu ya mtu? Mbu anamuuma kima, anamuuma mtu, sawa. Lakini nyumba si yake."

"Vizuri umesema nyumba." Bibi akachukua kifuniko cha chupa, akakiweka mezani. "Chembe nyekundu haina mlango. Ngozi yake nzima imefunga. Lakini juu ya ngozi kuna vitu vingi vimechomoza, na kimoja ni kama kitasa. Chembe ya kima inacho, na yetu inacho, vimefanana kama vya fundi mmoja. Kile kimelea kikitua juu ya chembe, kinajiviringisha mpaka kichwa chake chenye ncha kiguse ngozi. Kinashika kitasa. Kikishashika hakibandui. Kinajikaza, kinajisukuma, na ngozi ya chembe inabonyea kukizunguka, mfano wa mtu anayejitumbukiza kwenye shuka bila kuitoboa. Nusu dakika kimo ndani, kimejifunika, kinakula wekundu wote unaobeba hewa yako."

"Na asiye na kitasa?"

"Wapo, na ni wengi, wamezaliwa hivyo na wala hawajui. Kimelea kinatua, kinapapasa, hakina pa kushika. Kinakufa nje."

Kiroboto akageuka kutazama dirisha dogo la kuelekea kwenye benchi. Wale wawili wazima walikuwa wakigombea kipande cha gazeti.

"Daktari atauliza: kama ni msitu, mbona hawa wawili hawaumwi?"

"Benki ya damu wana dawa ya kukijua kitasa hicho, huitumia kwa watu wanaoongezewa damu mara kwa mara. Wapeleke. Lakini yule mrefu niletee kwanza, saa hii hii."

Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Yule mrefu alitoa kidole huku ametazama dari. Bibi akapaka, akakausha, akatia rangi, akaangalia. Akampisha Kiroboto. Mikanda, mizuri, imenyooka, kama watu wameitwa gwaride.

"Meza hivi," Bibi akamwambia mgonjwa, akimpa vidonge vyake vya kwanza na maji. Akiba ilikuwa imefika jana. "Hatukungoji hata dakika. Dawa ianze kazi, ila hiki kizazi cha leo kimeshaiva, kitapasuka hata hivyo. Ukihisi baridi, sema."

"Sihisi baridi, mama. Nahisi njaa."

"Saa saba utahisi," alisema Kiroboto.

"Wewe daktari?"

"Mimi kiroboto."

Benki ya damu ilijibu kabla ya saa sita. Wale wazima wawili hawakuwa na kitasa. Aliyelala wodini alikuwa nacho, na yule mrefu pia. Bibi Lenzi aliisoma karatasi, akaikunja mara mbili. "Watu wanne si ushahidi wa dunia," alisema. "Ila unatosha kumjibu mtu mmoja mwenye tai."

Kiroboto akapiga simu kinuni, akazungumza na msimamizi kwa sauti ya zamani ya askari.

Saa saba na dakika tano yule mrefu alikuwa akisimulia jinsi alivyopasua gogo lililokuwa pana kuliko nyumba ya msimamizi. Katikati ya gogo meno yakaanza kugongana. Akajaribu kuendelea. Gogo likabaki hapohapo. Dada wa mgonjwa, aliyekuwa ameshuka kutoka wodini, akamvika shuka mbili na kusema kwa kuridhika kabisa, "Sasa hivi ningekuwa natia wali."

Saa saba na dakika hamsini, kidole cha pili. Bibi Lenzi aliangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipoinua kichwa, kope zilikuwa zimelowa kidogo, labda kwa mafuta.

Kiroboto akainama. Mikanda ilikuwa imebaki michache. Hapa chembe imepasuka, vitoto vimetapakaa kama mbegu. Pale, na pale, na kule, pete.

"Mtu mmoja," alisema. "Kobe saa nne, Duma saa nane."

"Si Kobe na si Duma," Bibi Lenzi alisema, akavaa koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. "Nibebee hadubini. Ni nzito, na leo sitaki kuonekana nimeinama."

Kikao kilikuwa cha watu watano kuzunguka meza ndefu. Kichwani alikaa Mganga Mkuu, mtu mnene wa maneno machache. Daktari Tai alikuwa mkono wake wa kulia, karatasi zimepangwa sawasawa.

Kiroboto alitoa taarifa akiwa amesimama. Slaidi arobaini na nane, plasta, shabaha. Akawaalika waangalie. Mganga Mkuu aliangalia, wengine wakaangalia, Daktari Tai aliangalia mara mbili.

"Damu ni ya mtu mmoja," Mganga Mkuu alisema. "Basi slaidi hazikuchanganywa. Daktari?"

"Nakubali," Daktari Tai alisema, na kusema kweli alikubali upesi. "Shitaka la kuchanganya naliondoa."

"Basi limekwisha. Bibi, rudi kazini kwako." Mganga Mkuu akafunika kalamu.

Hapo ndipo angeweza kuondoka. Leseni ilikuwa salama, kigoda kilikuwa chake, na kila mtu mezani alikuwa tayari anakusanya karatasi. Kiroboto akamtazama. Bibi Lenzi hakuondoka.

"Halijaisha," alisema. "Naomba rejista."

Kiroboto akazisogeza zote mbili mbele yake.

"Jumatatu niliandika Kobe. Nilikosea. Jumatano nikaandika Duma. Nilikosea tena. Kwa miezi kumi nimekosea majina ya watu wa kinu mara kumi na nane, asubuhi kwa njia moja, jioni kwa njia nyingine. Ni malaria ya kima, na inazaa kila siku. Mtu wake hasubiri hadi Alhamisi, wala hata saa moja." Akaeleza mikanda na pete, kitasa na saa saba. Akaweka mezani slaidi mbili za yule mrefu, ya saa nne na ya saa nane kasoro, na karatasi ya benki ya damu. "Damu kidogo ya huyu na ya aliyelala wodini imeondoka na gari la saa sita kwenda maabara kuu, kule wana mashine ya kukisoma kimelea hadi ukoo wake. Watanisahihisha nikiwa nimekosea. Sijakosea."

Daktari Tai alikuwa amezisoma slaidi zote mbili. Aliinua uso, na mkono ukaenda kwenye tai, akailegeza kidogo. Waliokuwepo wanaapa hadi leo kwamba waliona.

"Bibi Lenzi," alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwa nimeshaliondoa. Sasa umejiandikia mwenyewe kosa mara kumi na nane, mbele ya kikao. Unaelewa kwamba kikao kinaweza kuichukua leseni kwa hilo?"

"Naelewa, Daktari."

"Na unakiri?"

"Nakiri. Slaidi ni zangu, macho ni yangu, makosa ni yangu yote kumi na nane, simgawii mtu." Akafungua rejista ya asubuhi kwenye mstari wa arobaini na moja, akakata neno Kobe kwa mstari mmoja ulionyooka ili lisomeke chini yake, akaandika pembeni KIMA, akatia saini na saa. "Na huyu Kima wa kwanza kujulikana hapa petu, naye ni wangu."

Nje kukasikika lori likizima injini, kisha sauti za watu wengi wakishuka, mmoja akiuliza kwa nguvu wapi pa kutobolewa.

"Hao ni nani?" Mganga Mkuu aliuliza.

"Watu wa kinu," alisema Kiroboto. "Kumi na tisa. Niliwaita."

Mganga Mkuu alitazama mlango, akatazama zile slaidi, akamtazama Daktari Tai. "Ukiondoa huyu bibi, nani hapa anaweza kuwapima jioni hii akajua anachokiona?"

Daktari Tai akafunga faili la malalamiko, akalisukuma mbali, akainuka na kuinyanyua hadubini mwenyewe kwa mikono miwili.

"Nitakubebea, Bibi," alisema. "Nionyeshe mkanda ukoje."

"Usiitikise," alisema Bibi Lenzi, na kupita mbele yake mlangoni.